Mbegu ya Alizeti Ndani ya Ngumi

Kiwanda chetu cha kukamua alizeti kilipotangazwa kuuzwa kwa mtu binafsi, habari zikaenea kwamba wagonjwa watastaafishwa kwa heshima, wazima tutatolewa nje hivi hivi. Basi nikaamua kuugua. Nilikuwa nimeanguka kutoka juu ya magunia, nundu kichwani ninayo. Nikatangaza kwamba kumbukumbu zimefutika.

Nikamleta mama kutoka Mungaa awe shahidi. Siku mbili nzima nilimfundisha: mwambie daktari huyu mtoto anasahau hata kula. Tukielekea hospitali akaniuliza tunakwenda wapi. Nikamjibu. Tulipopita Utemini akauliza tena. Nikamfokea, maana hasira zangu ziko karibu: "Mama, mgonjwa ni mimi."

Daktari, kijana mwembamba, akampa shikamoo. Mama akaitikia marahaba, akamuuliza ni wa ukoo gani. Akajibiwa vizuri. Dakika haikupita, akamuuliza tena. Nikasema moyoni, mama huyu anazidisha sasa. Nimemwita aniuguze, naye ameamua kuugua.

Daktari akaokota mbegu ya alizeti kwenye pindo la suruali yangu. Akanionyesha iko mkono upi, akafumba ngumi zote mbili, akaniambia nifumbe macho, nihesabu kutoka kumi kushuka hadi moja, halafu nionyeshe iliko. Tukarudia mara kumi. Mimi mjanja bwana, kila mara nikagusa ngumi tupu. Nikajiona nimefaulu.

"Asiyekumbuka hubahatisha," akasema, "na anayebahatisha hupatia mara moja moja. Wewe umekosa zote kumi. Huwezi kukosa hivyo kama hujui mbegu iliko."

Nilitamani nijifiche chini ya meza. Mama akacheka, akataka naye acheze. Akapatia, akakosa, akakosa tena, akapatia, na kila baada ya jibu akauliza tunatafuta nini. Daktari hakucheka. Alirudia zoezi lote polepole, akaweka kando fomu yangu, akavuta nyingine.

"Mama ameanza kusahau lini?"

Sikujua. Siku mbili nilikaa naye jiko moja, nikimfokea kwa kukosea maneno yangu, na sikujua. Machozi yakanitoka mbele ya kijana yule.

Mama akanifuta kwa ncha ya kanga yake. "Nyamaza, baba," akasema. "Daktari yuko hapa, utapona tu."