Fundi Uzi na Kopo la Unga wa Misuli

Fundi cherehani yule walimwita Uzi, na jina lilimkaa. Kila jioni alikwenda jimu kunyanyua vyuma, na vyuma vikakataa katakata kumjenga. Mwishowe akanunua unga wa protini, kopo kubwa kama ndoo, lenye picha ya mwanamume asiye na shingo.

Fundi bila vipimo ni mpiga domo tu, kwa hiyo akaandika. Siku ya kwanza mkono ulisoma sentimita thelathini na mbili. Baada ya miezi miwili, thelathini na tatu! Uzi aliruka nusura aangushe pasi. Dukani, jimu, njiani, hakubaki mtu ambaye hakuambiwa.

Ndipo akampelekea mama yake unga huo. Mama alikuwa ametoka kwenye maradhi marefu, amebaki ngozi na mifupa, na chakula kilikuwa hakimpiti kooni. Unga ukakorogwa na maziwa, ukapita. Mayai na maharage aliyoagizwa na muuguzi yakawekwa kando.

"Ya nini kujitesa, mama?" Uzi alimwambia. "Unga umemaliza kila kitu."

Wiki ya tatu tangu mama aanze unga, akaja mwalimu kushona suti, mteja wa miaka, mwembamba tangu azaliwe. Uzi akampima kifua, akafungua daftari la zamani. Lo! Mwalimu naye kaongezeka sentimita tatu.

"Mwalimu, na wewe unatumia unga?"

"Unga gani, fundi? Mimi hata suruali zinanivuka!"

Uzi akanywea. Akakumbuka: katikati ya ile miezi miwili tepu yake ya kupimia, ya miaka tisa, ilichakaa, akanunua mpya. Akazitandaza zote mbili mezani. Ile kuukuu ilikuwa imevutika, imeizidi mpya kwa vidole vitatu, kwa hiyo ilisoma pungufu. Miaka yote alipimia hiyo na kukatia hiyo, nguo zikakaa sawa, nani angeshtuka? Kumbe mkono wake haukuongezeka hata chembe.

Akafunga duka, akatoka mbio kwenda kwa mama. Unga haufai? Au ni yeye tu haumfai? Muuguzi alisema chakula kwanza, unga ni nyongeza. Jimu walisema bila unga unapoteza jasho bure. Na mama je, anamponya au anamuua polepole? Aliogopa kweli.

Alimkuta ameketi kitandani, kikombe mkononi.

"Mama, lete hicho. Nilikosea. Nitakuchemshia mayai."

Akakishika kikombe. Mama akamdaka kifundo cha mkono, akambana mpaka vidole vikaingia ganzi.

"Niachie, mwanangu. Hiki ndicho kinachopita."

Uzi alijaribu kujinasua, asiweze. Mwezi uliopita mama huyuhuyu alishindwa kushika kijiko. Akabaki amesimama, machozi yanamlengalenga, hajui avute au aachie.