Vidoa Vyeupe Kwenye Tangi la Abubakari

Shamimu alikuwa fundi cherehani pale Miyuji, Dodoma, na watu wa mtaa walimjua kwa sare za shule. Kwao ni Kwamtoro, wilaya ya Chemba. Mama yao alipofariki, Shamimu aliacha masomo ili amlee mdogo wake, Abubakari, ambaye wakati huo alikuwa bado anashikwa mkono kuvuka barabara. Hakuolewa. Wachumba walikuja wakauliza mtoto atabaki na nani, naye akawajibu kwamba mtoto habaki popote. Wakaenda zao.

Abubakari alikua akawa kijana mpole, mwenye mikono ya kutengeneza vitu. Ndiye aliyeleta samaki nyumbani. Aliunganisha vioo kwa gundi, akapata tangi, akaweka humo gapi, wale samaki wadogo wa mapambo wenye mikia mipana kama khanga inayopepea kambani. Shamimu aliguna. "Samaki asiyeliwa, kazi yake nini?" Lakini jioni alivuta kigoda akakaa kuwatazama, na hakuinuka mpaka chai ikapoa.

Kisha figo za Abubakari zikachoka. Akawa mtu wa kwenda hospitali kusafishwa damu, na kipupwe kilipoingia akazidiwa, wakamlaza. Siku hizo hizo gapi majike wakazaa. Tangi likajaa vifaranga wembamba kama vipande vya uzi vinavyodondoka chini ya cherehani.

"Dada, wamekula?" Abubakari aliuliza kila alipopiga simu kutoka wodini.

"Wamekula."

"Nitumie picha."

Akamtumia, na kijana akacheka hadi kikohozi kikamkatiza.

Asubuhi moja ya baridi, upepo ule wa Dodoma ukipasua watu midomo, Shamimu aliona jike mmoja anajisugua kwenye mawe. Alipoinama akaona mapezi yake yana vidoa vyeupe, kama mtu amemnyunyizia chumvi. Kesho yake vidoa vilikuwa juu ya vifaranga pia. Walielea karibu na uso wa maji, mikia imefumbana, wakihema.

Akamwendea Bashiri, muuza samaki wa mapambo kule mjini, aliyekuwa rafiki wa Abubakari.

"Hicho ni kidudu," Bashiri alimwambia. "Kinajichimbia kwenye ngozi ya samaki. Kikishiba kinaanguka chini, kinazaliana, na watoto wake wanapanda kutafuta samaki mwingine. Kikiwa ndani ya ngozi dawa haikipati. Inakiua kikishatoka."

"Na vifaranga watahimili hiyo dawa?"

Bashiri alishusha chupa ndogo ya dawa ya buluu kutoka rafuni. "Anza na nusu ya kipimo. Wengine hawatahimili, dada yangu. Nisikudanganye."

Shamimu akafanya kama alivyoelekezwa. Alipandisha joto la maji kidogo kidogo kwa hita, akatoa mkaa kwenye chujio ili usifyonze dawa, akadondosha matone ya buluu. Kila siku alivuta uchafu wa chini kwa mpira mwembamba, akaongeza maji yaliyolala kwenye ndoo hadi harufu ya dawa inayotiwa kwenye maji ya bomba ikaisha. Umeme ulipokatika alitoa blanketi la kitanda chake akalizungushia tangi. Cherehani ilipata vumbi.

Vifaranga wakafa hivyo hivyo. Aliwaopoa kwa kichujio cha chai, akawafukia nyuma ya nyumba, na simu ilipoita alikuwa na mchanga mikononi.

"Dada, wamekula?"

"Wamekula, mdogo wangu."

"Picha je?"

"Kamera ya simu hii imeharibika."

Abubakari akamtakia kazi njema.

Aliporuhusiwa kurudi nyumbani alikuwa amekonda, suruali imefungwa kwa kamba. Aliomba kiti karibu na tangi. Humo walikuwa wamebaki wakubwa wachache tu. Shamimu alisimama mlangoni.

"Nilijua," Abubakari alisema.

"Tangu lini?"

"Tangu ulipotaja kamera. Wewe ukidanganya sauti yako inakuwa ya ofisini." Aligusa kioo kwa kidole. "Lile dume jipya nililolinunua kabla sijalazwa, nililitia bila kulitenga kwanza. Nilikuwa nimechoka. Ugonjwa uliingia nalo, haukuletwa na wewe."

"Niliona una maumivu ya kutosha, Abuu. Sikutaka kukuongezea."

"Najua. Ila kule wodini niliwalilia peke yangu, dada, na wewe huku ukawalilia peke yako."

Shamimu aliketi sakafuni, akajifunika uso kwa mtandio. Tangu siku hiyo hakumficha neno. Daktari alipomwita pembeni akamweleza kwamba mwili wa kijana haupokei tena matibabu, alirudi akamwambia yote kama yalivyosemwa, wakalia pamoja, kisha wakala uji.

Abubakari alifariki kabla mvua hazijaanza. Walimzika Kwamtoro, kando ya mama yake.

Baada ya arobaini Bashiri alikuja kutoa pole. Aliinama mbele ya tangi akawachunguza samaki, mmoja baada ya mwingine.

"Hawana hata kidoa. Umewaponya."

"Wamepona," Shamimu alisema. "Wachukue, kaka Bashiri. Mimi siwezi kuwatazama."

Bashiri alitaka kumbishia, akaacha. Akaanza kuwachota kwa wavu mdogo, naye Shamimu akamshikia mfuko wa maji.