Salamu katikati ya korongo

Hivi wewe ungempita bibi mwenye mzigo wa kuni kichwani bila kusimama?

Mimi nilishindwa.

Leo mchana nilikuwa nazurura njia za makorongo huku Kibakwe na Landkruza ya mjomba. Huku jua, kule mlimani wingu jeusi. Nikashuka korongoni, mchanga mkavu kabisa, na katikati nikakutana na bibi.

Nikasimama. Pale pale kwenye mchanga! (Najua, najua.)

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Watoto hawajambo? Mifugo je?"

Sina hata kuku. Nikasema haijambo.

Kuondoka sasa… matairi yote manne yanachimba tu. Na kule juu tukasikia maji yanavuma.

Bibi akakatiza salamu. Akatua kuni zake, akazisukumia chini ya matairi. Nikampandisha, gari likachomoka hadi ng'ambo.

Maji yakapita na mzigo wote. Kuni za asubuhi nzima, jamani!

Bibi akayatazama maji, kisha akanigeukia.

"Haya. Na mama yako, hajambo?"