Kibao cha Nkirote

Juzi, sokoni Mikinduri, niliona kibao kidogo kikining'inia kwa kamba mlangoni mwa duka, nikakumbuka harufu ya maharagwe makavu ya alasiri moja.

Dada yangu Nkirote alikuwa amerudi kutoka shuleni na kibao kama hicho shingoni. Mwanafunzi aliyeongea Kimeru alivishwa, na hakukivua hadi amnase mwenzake akikiongea, hata nyumbani. Aliyefika nacho asubuhi alichapwa. Mimi nilikuwa nimeingia darasa la kwanza wiki hiyo, na nilidhani ni pambo.

"Nipe nivae," nikamwambia kwa Kimeru.

Nkirote aliacha kupeta maharagwe, akanitazama. "Kagendo, omba kwa Kiingereza kwanza."

Akapanga maharagwe manne juu ya gunia. La kwanza lilikuwa kutoa, la pili kitu chenyewe, la tatu, dogo kabisa, lilikuwa njia ya kukifikisha, na la mwisho lilikuwa mimi. Nilipoyachanganya, aliyarudisha polepole mahali pake.

"Give it to me!" nikasema hatimaye.

Akacheka. "Umeongea Kiingereza, wewe! Sasa nitakupaje? Hiki ni cha wanaoongea Kimeru."

Nililia, nikamwita mchoyo. Asubuhi nilimwona akinyoosha mikono mbele ya mwalimu.

Nimejifundisha Kiingereza kingi tangu hapo, na bado hupanga kila sentensi kama maharagwe yale. Ila nilichelewa sana kuelewa kwamba ombi langu la kwanza lilikuwa limemtosha kunivisha kibao.