Vidonge vya Baba Nilivyoficha Ghalani

Mwanangu, Jumamosi ile naikumbuka, na hasira yake haijanitoka. Wakwe walitoka Kitale kuja kwetu Tongaren kuzungumza mahari ya dada yangu. Ilikuwa miaka ya elfu mbili na kitu. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la nane tu, mwoga wa kusema mbele ya watu.

Baba alikuwa na presha, na dawa zake zilimpeleka chooni kila mara. Jumatatu ya wiki hiyo aliniita nyuma ya ghala la mahindi, akanipa vidonge vyote.

"Ficha dawa hizi. Mama yako akiuliza, sema nimemeza."

"Lakini Baba, daktari alisema kila siku."

"Wewe nawe! Nikiinuka kila saa mbele ya wakwe, si watasema mzee ameisha? Na kichwa hakiniumi, bana."

Nilificha. Mama aliuliza kila asubuhi, nami kila asubuhi nilidanganya.

Siku ilipofika, Baba aliketi wima, akawatania wageni: "Hao ng'ombe wenu ni wa kukamuliwa ama wa kuombewa?" Watu wakacheka. Alipotaka kuongeza neno, mdomo ukaenda upande, kikombe kikamtoka mkononi.

Mzee mmoja akasema amerogwa, wakabishana saa nzima. Saa nzima, mwanangu!

Hospitalini daktari alisema mshipa umepasuka kichwani. Presha, hata usipoisikia, huchosha moyo, huharibu figo na macho. Akauliza kama mgonjwa alikuwa anameza dawa. Mama akasema ndiyo. Mimi nikatazama chini, na shangazi, dada yake Baba, akaniona.

"We kijana, sema!"

Nikasema yote, na kwamba niliogopa kumkatalia Baba.

"Ati uliogopa? Basi kaa na woga wako, ndugu yangu akae na mkono uliokufa!"

Baba aliishi miaka miwili bila kuweza kutamka jina langu. Halafu figo zikakataa. Nilimkasirikia yeye, nikajikasirikia mimi, nikaikasirikia hata hiyo heshima ya kutoinuka kitini.

Mwanangu, pimwa presha hata kama huumwi popote. Dawa ikikusumbua, mwambie daktari aibadilishe, usiiache. Inuka mbele ya wakwe, nenda chooni, rudi uketi. Na mkubwa akikutuma umfichie ugonjwa, mkatalie, hata akikuita mtoto asiye na adabu. Mungu akupe kinywa kisichochelewa, akufikishe uzeeni ukitembea kwa miguu yako.