Jeska Asiye na Mtoto

Jirani yangu Letisia anasema Jeska alitupa mtoto wake chooni ili aingie jeshini. Mtoto huyo ninamnyonyesha mimi, hapa Muyinga, pamoja na wangu.

Tuliporudi Burundi kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania, Jeska, rafiki yangu wa huko kambini, alikuta baba yake mdogo amechukua shamba la marehemu baba yake huko Giheta. "Msichana anadai ardhi?" alimcheka. "Rudi kambini ukapange foleni ya maharage." Mzee yule anaogopa sare ya jeshi tu, ndiyo maana Jeska akaitaka. Lakini waandikishaji hawakutaka msichana aliyezaa.

Asubuhi ya kwenda Gitega kuandikishwa nilimfunga kifua kwa kitenge, maziwa yasivuje. Mtoto alimnyooshea mikono, Jeska akamgeuzia mgongo.

"Dada," aliniambia, "akianza kusema, akuite wewe mama. Mimi usimtajie."