Baiskeli Iliyosimama Yenyewe Mbugani

Baiskeli ya mume wangu ilikutwa imesimama wima katikati ya mbuga, uwanda wetu wa udongo mweusi unaonata. Haina stendi, haijaegemea mti, na hapakuwa na mtu.

Kijiji kizima kilikwenda kuiangalia. Wengine wakasema imeshikiliwa na wafu. Mwenye simu nzuri akapiga picha, ikazunguka kwenye magrupu mpaka Mwanza mjini. Huenda na wewe uliiona, ukaandika "Kanda ya Ziwa mna mambo" na kicheko juu.

Sina ugomvi na wewe. Kaa nikwambie kilichoisimamisha.

Naitwa Suzana. Kwetu ni ng'ambo ya Busisi, ndani ndani kutoka barabara ya lami. Mume wangu ni Luhende. Tulijaliwa mtoto mmoja, Precious, na Precious alizaliwa na seli mundu.

Kama hujawahi kuishi na ugonjwa huo, shukuru kimya kimya. Maumivu yakianza yanashika mifupa. Ukimgusa mtoto analia, ukimwacha analia. Hapo ni kumwahisha hospitali akatundikiwe dripu, na kila jiwe la njiani linamwingia mwilini.

Usafiri wetu ulikuwa baiskeli ya umeme, zile za kupandia milima. Luhende aliachiwa na mtafiti wa ndege wa ziwani aliyekuwa amemwajiri, mradi ulipoisha na mtafiti akarudi kwao. Bodaboda zilimtetemesha mtoto mno, lakini ile ilikwenda kimya. Luhende aliipenda kuliko mimi. Nilishamwambia hivyo, akacheka, na hakukataa.

Shida ikaja tairi zilipoisha. Zilikuwa zimechakaa, ngumu, zimejaa viraka. Zikigonga jiwe, Precious alikuwa anasema "baba", basi, haongezi neno. Neno hilo moja lilikuwa linammaliza Luhende.

Tukaenda Pasiansi, Mwanza mjini, kwa Odoyo, mtu wa Mara anayeuza vipuri vya baiskeli za mtumba. Akatutolea tairi za aina mbili.

Ya kwanza ilikuwa nyembamba, ubavu wake mgumu, mwiba hauingii kirahisi. Ya pili ilikuwa pana, ubavu laini, ukiitia upepo kidogo inabonyea kama andazi. Odoyo akatueleza bila kutuchagulia. Nyembamba inapita sehemu nyingi ila inagonga. Pana inameza mawe, lakini inakula betri, na kwenye fremu yetu inaingia kwa kubanana.

Akajaribu kupitisha kidole kati ya tairi pana na fremu. Hakikupita.

"Kwenu kuna tope?" akauliza.

"Tope lipo," Luhende akamjibu, "ila sisi mvua ikianza tu tunang'oa madigadi."

Na ni kweli. Kwetu kila mwenye baiskeli anajua hilo. Udongo wa mbuga unajaa kwenye madigadi, yale makinga tope ya juu ya magurudumu, mpaka gurudumu linagoma, kwa hiyo masika yakifika unayang'oa na kuyatupia chini ya kitanda. Babu zetu walifanya hivyo na baiskeli walizonunua kwa pesa ya pamba. Madigadi yakitoka, tope limekwisha. Ndivyo tulivyoamini, hata mimi.

Luhende akafunga tairi pana, akamkalisha Precious nyuma, akamzungusha kwenye mawe ya pale Pasiansi. Waliporudi akamuuliza mtoto kwa sauti ya chini, kama anayeogopa jibu.

"Linakugonga, mama?"

"Halinigongi, baba."

Akauliza tena. Jibu likawa lile lile, na tabasamu juu. Mume wangu akageukia ukuta wa duka, akawa anafuta uso kwa kiganja. Sasa niambie, ni mama gani angesimama pale aseme chukua ile nyembamba?

Kiangazi chote mambo yalikwenda vizuri. Precious hakulia tena njiani. Luhende akawa hashikiki, mpaka kanisani anamweleza habari za ubavu wa tairi mtu aliyemsalimia tu.

Halafu Machi ikafika.

Siku hiyo mvua ilinyesha tangu asubuhi, na maumivu yakamshika Precious baada ya chakula cha mchana. Dereva wa bodaboda tuliyempigia alisema mbuga haipitiki, hawezi kujaribu. Gari ndiyo usiulize.

Ninyi wa mjini mnadhani shida yetu ilikuwa kivuko. Daraja sasa lipo, unavuka kabla hujamaliza soga. Shida yetu ilikuwa kulifikia.

Luhende akatangulia na mtoto kwenye baiskeli, mimi nikafuata kwa miguu na kapu la nguo. Sikuhitaji kukimbia kuwafikia. Niliwakuta mbugani, yeye amepiga magoti, anachokonoa tope kwa kijiti.

Madigadi hayakuwepo, ni kweli. Lakini udongo ulikuwa umejaa pale pale ambapo kidole cha Odoyo kilishindwa kupita. Anachokonoa, baiskeli inasogea hatua chache, inaganda. Anachokonoa tena, inaganda tena. Mota ikaguna, halafu ikanyamaza.

Alipoiachia haikuanguka. Magurudumu yalikuwa yamezama na kushikwa na udongo, ikabaki imesimama vile vile. Hayo ndiyo maajabu mliyoyapiga picha.

Akanifunga Precious mgongoni kwa khanga, akakimbia mbele kusimamisha gari lolote kwenye lami. Tukabaki wawili, mimi na mwanangu, nikivuta mguu mmoja baada ya mwingine.

"Mama, ni kwa sababu ya tairi?"

Nikaikaza khanga, nikaendelea kutembea.

"Lile pana nalo lilikuwa linaniuma," akasema. "Sawasawa na la zamani. Nilisema halinigongi kwa sababu baba alikuwa amefurahi. Usimwambie."

Nikamwahidi. Hayo ndiyo yakawa maneno yake ya mwisho.

Tulipokaribia lami mikono yake ililegea mabegani mwangu. Luhende alikuwa amesimama kando ya gari, ameshika mlango uliofunguliwa. Akaniona uso. Akaufunga ule mlango yeye mwenyewe, polepole.

Baadaye majirani waliifukua baiskeli wakatuletea. Tairi hazikuwa na hata tundu. Mpaka leo ziko pale pale, Luhende hataki kusikia habari ya kuzibadilisha. Anazijaza upepo, anazibonyeza kwa dole gumba, anakaa nazo.

Wakati mwingine ananiambia, "Angalau mwishoni mwanangu hakugongwa."

Ni hicho tu alichobakiwa nacho. Nikikitoa, namwachia nini?

Anatumia simu ya kitochi, kwa hiyo hataisoma hii. Wewe unayemfahamu, tafadhali kaa kimya kama mimi.

Ila ninyi mnaouguza, nawaomba hili moja. Mnayembeba akinyamaza, msishangilie haraka. Huenda maumivu bado yapo pale pale, na yeye ndiye anayewabeba ninyi.

Jumapili iliyopita Luhende alinipakia kwenda kanisani. Tulipofika kwenye mawe ya mtoni akapunguza mwendo, akageuza shingo kidogo, akaniuliza kama linanigonga.

Nikamwambia halinigongi.